Kisiki cha Moto cha Mama

Walisema sitafika popote. "Huyu mtoto wa Mama Nehemia? Akivuka Sitalike tu atarudi analia," walisema pale mashineni, na mimi nimesimama hapo hapo na debe la mahindi kichwani. Leo diploma yangu ya ujenzi iko sebuleni ndani ya fremu, na nyumba yenyewe ni ya bati za msauzi, ramani nimechora kwa mkono wangu. Nilirudi Mpanda naendesha gari langu. Kuna jambo moja tu ambalo mama alitilia shaka kama nitaliweza, na yeye hakukosea.

Enzi zetu, miaka ile ya tisini, moto haukuwashwa, uliombwa. Kiberiti kilikuwa cha kubania. Alfajiri, ukungu ungali juu ya mashamba ya tumbaku, majirani walikuja kwetu na vigae kuchukua makaa, kwa sababu mama alifukia kisiki chake majivuni kila jioni na hakikuwahi kuzima. Jikoni palinukia moshi na maharage yaliyolala. Sisi tuligombea muhogo wa kuchoma, kisha mbio shuleni pekupeku, ufagio mkononi. Watoto wa leo simu ikiisha chaji wanasema wanaumwa.

Mama alikimbia kutoka Burundi na Biblia ya Kirundi asiyoweza kuisoma. Hakuhubiri. Aliweka kaa kwenye kigae cha mtu, akauliza, "Leo nikuombee nini?" Mmoja mtoto anaharisha, mwingine mume hajarudi kutoka kijiji cha Mamba alikofuata mpunga. Kesho yake mama aliulizia jambo lile lile. Kwa njia hiyo, nyumba tano za jirani zilianza kwenda naye kanisani.

Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia ng'ambo ya kijito na ng'ombe wake, alikuja kila siku, hirizi mkononi. "Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama kwa Kisukuma. "Niombee ng'ombe. Watu watajiombea wenyewe." Mama alicheka, akawaombea ng'ombe kweli.

Siku moja mama alilala na homa. Mimi niko darasa la sita, wa kwanza Sunday school kwa kukariri aya, nikashika zamu yake. Kabla Masanja hajatoka na moto wake nilisimama mlangoni nikamshushia aya tisa bila kupumua. Halafu nikamwonyesha kidole ile hirizi. "Mzee, ukifa na hiyo utaungua kuliko hiki kisiki!"

Alinitazama mdomo kwa upole mpaka nikamaliza. Akarudisha kaa jikoni. "Moto wa kwenu mkali, ngosha, kidume wewe. Mimi nitanunua kiberiti."

Siku tatu hakuonekana. Mama alipopata nafuu akauliza, nami nikamsimulia kwa majivuno, nikingoja sifa. Hakunichapa. Alichukua mtungi wa maji akakimwagia kisiki chote. Tss! Sikuwa nimewahi kuona jiko letu jeusi, bila hata kaa moja.

"Chukua kigae," alisema. "Nenda kwa Masanja ukaombe moto."

Nilivuka kijito nikitamani kinimeze. Masanja aliposikia moto kwa mama umezima alishika kiuno akacheka. Akanijazia makaa mpaka kigae kikaniunguza vidole. "Haya, leo na mimi niulize. Mama yako nimwombee nini?"

"Homa," nikanong'ona.

Jioni alikuja mwenyewe kuulizia ile homa. Kesho yake akaja kuchukua moto, kiberiti kipo mfukoni.

Nilipochaguliwa sekondari ndiye aliyeuza dume lake nipate ada. "Sitaki riba," alisema. "Ukisoma ukaelimika, uje unisomee habari za huyo Yesu wa mama yako, tangu mwanzo, taratibu. Yeye mwenyewe hajui kusoma, na wewe unajua kufoka tu."

Niliahidi. Mama alinifungia mzigo akasema, "Kusema utaweza, mwanangu. Kukaa na mtu, sijui."

Alifariki nikiwa chuoni. Niliporudi nililipa kila aliyenisaidia kusoma: mwalimu aliyeniazima baiskeli, shangazi aliyetoa magunia ya mpunga. Masanja nilimweka mwisho. Alishahamia kijiji cha Kasansa, nami nilitaka nimpelekee dume la kutisha, na nyumba kwanza iishe. Ikapita miaka mitatu. Kila asubuhi nilirusha aya kwenye makundi ya simu, watu zaidi ya mia kwa kidole kimoja, nikajiita mshuhudiaji. Siku hizi kila nyumba ina gesi yake na geti lake. Anayeishi nyuma ya ukuta wangu simjui hata jina.

Siku niliyoshusha lile dume Kasansa, Masanja alilipapasa shingo, akalizunguka mara mbili, akatabasamu. "Dume zuri! Deni limekwisha!" alipaza sauti kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.

Mkewe akanivuta pembeni. "Baba hasikii tena, mwanangu. Tangu masika ya mwaka jana. Alikuwa anakuulizia sana."

Masanja alikaa kwenye kigoda, akanyoosha viganja viwili mbele yangu, vimefunguka kama kitabu. Nilitoa Biblia kwenye gari. Nikaanza mwanzo, taratibu, halafu kwa nguvu, halafu kwa kelele mpaka mbuzi wakageuka. Naye alinitazama mdomo kwa upole, kama asubuhi ile mlangoni kwa mama.