Ndege Iliyokaa Chini

Mwezi uliopita mjukuu wangu aliletewa zawadi na mjomba wake: sanduku lenye ndege ya vita ya plastiki, vipande vipande, ya kuunganisha na kupaka rangi. Tuliifanya kazi hiyo siku tatu juu ya meza ya chakula, mimi na miwani yangu, yeye ulimi nje kwa bidii. Tulipomaliza akatafuta uzi aitundike kwenye dari, kama watoto wote wanavyofanya. Mimi nikaichukua, nikaiweka sakafuni kando ya kiti changu. Mtoto alinikasirikia waziwazi.

"Bibi, ndege inakaa chini juu ya nini?"

Jibu la hiyo kwa nini yake ni refu, rafiki yangu, na linaanzia Bagira, mtaa wa mji ulio kando ya ziwa, katika nyumba ya vyumba viwili kwenye mteremko wa kwenda Kasha, nilikolelewa na bibi yangu mzaa mama. Nchi ilikuwa bado Zaïre. Jumamosi asubuhi tulifanya salongo, kazi ya lazima ya umma, mtaa mzima na majembe kwenye mifereji. Mwalimu wetu wa mwaka wa tano alivaa abakosti, koti rasmi la siku zile, hata jua likiwa kali, na alituita "citoyenne", yaani raia, hata alipokuwa akituvuta sikio. Nyumbani maharagwe yalichemka tangu asubuhi, na mvua ikipiga bati hakuna aliyemsikia mwenzake, kwa hiyo tulikula kimya na kwa raha.

Bibi alikuwa mtu mashuhuri mtaani kwetu kwa sababu moja. Wakati vita ilipopita mjini, nikiwa sijajua kutembea, alinifunga mgongoni akakimbilia kwa kaka yake, kijijini Mumosho, na huko, katikati ya shamba la mihogo, ndege ya vita ilipita juu yake chini kabisa. Watu wengine walikimbia. Yeye, alivyosimulia, alibaki. "Ilinitazama, na miye nikaitazama," alisema, na hapo alikoroga chungu taratibu ili msikilizaji apate muda wa kushangaa. Kila mgeni aliisikia habari hiyo kabla ya kupewa sahani. Mimi niliisikia mara nyingi kuliko sala ya jioni, na niliipenda zaidi.

Basi mwaka ule mwalimu akatangaza kazi ya mikono. Kila mtoto atengeneze kitu cha kweli kwa udogo wake, kwa kipimo, na vilivyo bora vingewekwa kwenye meza ya mbele siku ya proklamasio, wazazi wote wakija kusikia nani amepita na nani anarudia darasa. Wenzangu walichagua kanisa, pirogi ya wavuvi, lori la bia. Mimi nikasema nitatengeneza ndege ya bibi yangu. Darasa lilicheka, lakini mwalimu hakucheka. Aliniambia neno lake la kila siku, "Kipimo kwanza, rangi baadaye," kisha akaongeza kwamba kitu cha uongo hakitapanda kwenye meza yake.

Kipimo kitoke wapi? Bibi alisema hilo ni jambo jepesi. Alikumbuka vizuri kwamba mabawa yalifunika kutoka mti wa avoka mpaka jiwe la kuanikia mihogo. Jumamosi iliyofuata, salongo ilipokwisha, tukashika njia ya Mumosho kwa miguu, na kamba ya mwalimu yenye fundo kila mita. Kaka yake bibi alitupa ndizi za kuchoma na kutuhurumia kidogo, nadhani, alipotuona tumeinama shambani tukipima hewa. Mafundo kumi na mawili. Mwalimu alinifundisha kugawa kwa ishirini, nikapata mabawa ya sentimita sitini.

Sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama ile. Mwili niliuchonga kwa kisu cha jikoni kutoka mti mwepesi ule wanaochongea mizinga ya nyuki, nikausugua kwa jani la msasa mpaka ukawa laini kama shavu. Mabawa niliyakata kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia ya msaada, nikayapiga kwa jiwe yanyooke. Gundi ilikuwa uji mzito wa muhogo, na mara mbili panya walikula mkia. Propela niliitoa kwenye kifuniko cha mkebe wa maziwa, nikaitoboa kwa msumari, na upepo ukipanda kutoka ziwani ilizunguka kwa sauti ndogo ya trrr iliyomfanya bibi aache kila alichoshika.

Rangi ilikuwa nyeusi. Bibi hakuwa na shaka: nyeusi kote, kama chungu. Nikakwangua masizi chini ya sufuria zote za nyumbani, nikayachanganya na uji wa muhogo na mafuta kidogo ya mawese, nikapaka kwa unyoya wa kuku, mara nne. Nilipotaka kuchonga dereva wa kumkalisha ndani, alinizuia. "Haikukuwa na mutu. Mutu hawezi kufanya vile."

Siku mbili kabla ya proklamasio, jirani yetu, muzee aliyewahi kusukuma mapipa ya mafuta kwenye uwanja wa ndege, alipita uani akaiona imeanikwa juani. Akaizunguka. Akapima mabawa kwa shubiri, akasema yamekosa kidole tu, akasifu mkia. Kisha akauliza nani kaipaka masizi.

"Ile ndege ilikuwa ya rangi ya feza, mutoto yangu. Ilikuwa inang'aa mpaka inaumiza macho. Na mutu alikuwamo, nilimuuziaka sigara. Bibi yako alikuwa analala, ao anakudanganya."

Akaondoka, na mimi nikabaki na ndege yangu nyeusi na moyo unaoniuma. Meza ya mwalimu sikuijali tena. Niliogopa jambo jingine, kwamba bibi yangu ni mwongo, na kwamba mtaa mzima utajua kwa sababu yangu. Lakini angejuaje urefu wa mabawa, kasoro kidole tu, asijue rangi?

Nilimkuta akichambua maharagwe kwenye ungo. Nikamwambia yote bila kupumua. Mkono wake ukasimama. Uso wake ukawa wa mtoto aliyekamatwa ameshika kipande cha sukari.

"Sikuinua kichwa," alisema. "Nilianguka, uso mu udongo, weye mu mugongo unalia. Jicho moja tu ndo lilikuwa wazi. Kile niliona ni kivuli. Kilipita juu ya mihogo, nyeusi, kikafunika kutoka avoka mpaka ku jiwe. Jua lilikuwa katikati ya kichwa. Mutu sikumuona. Nitamuona namna gani mu kivuli?"

Nilikuwa nimepima kivuli, nimechonga kivuli, nimepaka kivuli masizi mara nne. Nikaanza kulia, yeye akaanza kucheka, na kicheko chake kikanivuta mpaka maharagwe yakamwagika. Nilimwambia nitaiacha nyumbani. Akakataa.

Siku ya proklamasio alivaa kitenge chake cha Noeli na kuketi mstari wa kwanza. Mwalimu aliichukua ndege yangu, akaeleza kamba na mafundo, kisha akauliza mbele ya wazazi wote kama kuna anayeweza kushuhudia kwamba ni ya kweli. Jirani yetu tayari alikuwa ananyanyuka. Bibi akamtangulia.

Akasimama, mwanamke aliyejivunia ile habari moja miaka yote, akaibomoa kwa mdomo wake mwenyewe. Alisema hakuitazama ndege. Alisema alikula udongo. Alisema mjukuu wake ametengeneza kwa haki kile bibi yake alichokiona, na alichokiona ni kivuli, na kama kuna uongo, uongo ni wake, mtoto asiadhibiwe. Nilimwona akishika ncha ya kitenge kwa nguvu.

Kisha mama mmoja muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, aliyeketi nyuma kabisa, akasema, "Na miye niliona kivuli tu. Nilikuwa chini ya kitanda, kikapita ku mulango." Baba mmoja akasema yeye alikuwa kwenye mtaro. Mwingine migombani, kifudifudi, na kuku wawili chini ya tumbo. Kila mmoja kwa miaka yote alikuwa ameiangalia ndege machoni, na sasa kila mmoja alikuwa chini. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Hata mwalimu alilegeza kola ya abakosti yake, akakiri kwamba alikuwa ndani ya kabati la madaftari. Muzee wa mapipa akaketi. Yeye aliiona vizuri, alisema, kwa sababu ilikuwa imesimama uwanjani.

Ndege yangu ikapanda kwenye meza, katikati.

Jioni ile ile muzee alileta mkebe wa rangi ya fedha iliyobaki baada ya kupaka mabomba ya maji, akashika brashi mwenyewe. Tulipaka juu tu. Tumbo tuliliacha jeusi, kwa heshima ya mashahidi. Dereva alichaguliwa na bibi: haragwe moja jekundu kutoka ungoni, lenye doa kama jicho. Alilibandika kwa uji wa muhogo, akalitazama, akasema, "Kumbe ulikuwa mudogo hivi."

Mimi nilishika uzi na msumari wa kuitundika. Akanipokonya. Akaiweka chini, mbele ya kiti chake, akasimama juu yake mikono kiunoni.

"Ile siku ilikuwa juu, miye chini. Sasa itakaa palepale."

Ilikaa palepale miaka mingi. Wageni waliikwaa, wakasimuliwa habari mpya, ya kweli, ambayo bibi aliisimulia kwa madaha zaidi kuliko ile ya zamani. Sasa bibi hayupo, na muzee wa mapipa hayupo, na jina la nchi lilibadilika. Ndege ilipotea mwaka ambao nami nilimfunga mtoto mgongoni nikakimbia. Nilianguka kifudifudi kama yeye, na hata pale, naomba unisadiki, nilimkumbuka nikacheka udongoni.

Haya yote nilimweleza mjukuu wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akapanda juu ya kiti, mikono kiunoni, akaiangalia ndege yake kutoka juu. Akainama, akachungulia ndani ya kioo cha dereva.

"Mutu yake iko wapi?"

Kwenye sanduku hakukuwa na mtu. Nikaenda jikoni, nikavuta ungo wa maharagwe, nikamwambia achague.