Mlo wa Pongezi Kasinoni

Raheli alitoka Tukuyu miaka tisa iliyopita kuja kuwa karani wa kampuni moja ya kupakia korosho melini, hapa Mtwara. Mama yake alipopata kiharusi, Raheli aliandika barua ya kuomba uhamisho kwenda tawi la Tunduma, karibu na nyumbani. Akangoja.

Jumamosi moja bosi wake, Joshua, akawaalika wafanyakazi chakula cha mchana kwenye mgahawa wa kasino.

"Uvae vizuri, dada Raheli. Leo ni siku yako."

Raheli akajua uhamisho umepita. Kabla ya kutoka alikwisha kufunga vyombo vyake kwenye maboksi mawili.

Walimketisha katikati ya benchi, ukuta nyuma, meza mbele, wenzake kulia na kushoto. Nyuma ya pazia mashine za kamari zililia bila kupumzika. Zikaletwa kokteli; yake, kwa kuwa hanywi pombe, ilikuwa ya maembe na tangawizi. Kisha mhudumu akaweka mbele yake sahani ya ndizi na nyama.

"Nimemwambia mpishi apike kama kwenu," Joshua alisema.

Mpishi alikuwa ametia tui la nazi, kitu ambacho mama yake asingefanya, lakini ndizi zilikuwa laini na zenye mchuzi mzito. Raheli alikula huku machozi yakimlengalenga. Joshua akasimama na glasi yake.

"Jamani, mkuu wetu mpya wa nyaraka: Raheli!"

Wakapiga makofi. Raheli akaweka kijiko chini.

"Na barua yangu, bosi?"

"Ya Tunduma? Niliizuia mwenyewe. Kule ungebaki karani. Nimekupigania sana."

Raheli akamgeukia Zuberi aliyekaa ubavuni pake. "Naomba unipishe."

"Subiri kidogo, dada. Tupige picha kwanza." Zuberi hakumtazama usoni.

Alipofanikiwa kutoka, alisimama kwenye maegesho, jua la saa nane likimchoma utosini, akampigia mama yake. Picha ya mezani, iliyorushwa mtandaoni, ilikuwa imeshamfikia. Mdogo wake Raheli, Gladness, alikuwa amemwonyesha.

"Mkuu!" mama alisema, ulimi mzito. "Nimeshamtuma Gladness akamwambie mchungaji."

"Mama, mimi nilitaka kuja nyumbani."

"Utakuja, mwanangu. Watu wote hapa wamefurahi."

Raheli akarudi ndani. Wenzake wakainuka mmoja mmoja kumpisha, akakaa palepale katikati.

Jumatatu aliandika barua nyingine, akaipeleka makao makuu bila kupitia kwa Joshua. Jibu lilikuja baada ya wiki tano: mkuu wa nyaraka hahami kabla ya kutimiza miaka mitatu. Aliomba likizo, akapewa siku kumi na nne. Siku zile, nyumbani Tukuyu, alimlisha mama yake uji kwa kijiko, akamfundisha kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni. Siku ya kumi na tatu akapanda basi la kurudi Mtwara.