Jina la Upande wa Mama: Safari ya Ibadan

Niliondoka kwetu Kamembe, Rwanda, kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwa na jina bado. Mdogo wangu Zaina alikuwa amejifungua msichana huko Ibadan, nchini Nigeria, kwa mumewe Rasaki. Wengi wenu mnamkumbuka Rasaki, yule mfanyabiashara wa vipuri vya magari aliyeswali nasi miaka miwili na kujifunza Kiswahili chetu kwa kukikosea. Zaina alinipigia simu dukani kwa jirani.

"Dada, kuya mbio. Huku mutoto anapewa jina siku ya nane, na kila upande unatoa jina lake. Upande wangu hakuna muntu. Banasema miye niliokotwa."

Rasaki alituma tiketi. Nikaifunika cherehani yangu, nikaomba radhi kwa wenye nguo zisizoshonwa, nikaondoka.

Asubuhi na mapema basi lilipanda msitu wa Nyungwe. Miaka ile ya baada ya mauaji abiria walikuwa bado wakinyamaza wenyewe basi likiingia msituni, bila kuambiwa na mtu, na kuanza kuongea tena miti ikiisha. Kigali nilipanda ndege, Nairobi nikapanda nyingine. Wasiowahi kupanda, msiogope: linalosumbua ni masikio tu, na ukimeza mate yanazibuka.

Lagos ilinipokea kwa joto na kwa sauti ya Rasaki. "Shemeji! Umekuya na mifupa yote?" Nikamwambia mifupa iko yote, Kiswahili chako ndicho kimepungua. Akacheka, tukaingia garini, na baada ya muda mfupi tukasimama. Mbele yetu palikuwa na foleni ya magari isiyoonekana mwisho. Walikuwa wakingoja mafuta.

Mtashangaa, kwa sababu sote tunajua nchi ile ina visima vya mafuta. Mimi pia nilishangaa. Dereva mmoja aliyekuwa ameketi juu ya boneti alinieleza, Rasaki akitafsiri: "Mafuta yetu yamesafiri kuliko mimi. Yanakwenda Ulaya kusafishwa, mimi sijafika hata Kano, hapa hapa nchini. Yakirudi yana maringo, lazima tuyapangie foleni."

Tulikaa pale mchana kutwa. Watu waliitukana serikali kwa sauti kubwa, wakauziana mikate, wakaamua ugomvi wa wasiowajua. Mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi vizuri alituuzia karanga. Alikuwa mwalimu wa hesabu ambaye mshahara wake ulikuwa haujaja. "Wanafunzi wangu wakipita na wazazi wao," alisema, "wanainama kunisalimu kwanza, kisha wananunua. Njaa naijua, lakini dharau bado sijaiona." Nilimpenda kwa neno hilo.

Jioni tulifika Ibadan, mji wa mapaa ya mabati yenye kutu yanayoshuka na kupanda vilima kama kwetu. Siku ya nane ilikuwa kesho yake. Nyumba yao ni vyumba vingi vinavyozunguka ua mmoja, jenereta likinguruma pembeni. Ghafla umeme ukarudi, na mtaa mzima, wazee kwa watoto, ukapiga kelele za furaha kama waliofunga bao. Katika mwanga huo nikamwona Zaina, amekonda, mtoto kifuani. Wanawake wa ua walikuwa wakimwita "mke wetu".

"Hata wanawake?" nilimuuliza.

"Hata batoto. Niliolewa na ukoo muzima, Dada."

Mama mkwe wake wanamwita Alhaja, kwa kuwa amehiji Makka. Zaina alinifinya, nikapiga magoti kumsalimu. Watu wale wana salamu kwa kila jambo: salamu ya aliyesafiri, ya aliyeketi, ya anayefanya kazi, hata ya aliyekwama njiani. Alhaja alinipa zote. Kisha akauliza, Rasaki akitafsiri, "Watu wenu ni akina nani?"

Nikajibu, "Sisi ni watu wa Kamembe." Nikatabasamu, nikanyamaza.

Nyuso zikapoa. Dada mkubwa wa Rasaki, anayeitwa Sidi, akasema jambo, na nilimlazimisha Rasaki anitafsirie: "Huyu naye ni kama mwenzake. Ukibisha hodi, hakuna anayefungua."

Rasaki alinivuta kando. "Shemeji, hapa muntu ni watu wake. Kabla ya ndoa banauliza: baba nani, babu nani, balikufa namna gani. Wana hata sifa za kila ukoo, wanaziimba. Zaina akiulizwa, ananyamaza. Mama anafikiri munaficha kitu kibaya."

Nyinyi mnaosoma mnajua kwa nini tunanyamaza. Kwetu, wakati wa mauaji, swali la "wewe ni mtoto wa nani" liliulizwa kwenye vizuizi vya barabarani, na jibu liliweza kukuua. Tangu hapo, kutomuuliza mtu habari za watu wake kumekuwa adabu. Tunapeana ukimya kama wengine wanavyopeana maji ya kunywa. Zaina alibeba adabu hiyo hadi Ibadan, na huko ikageuka kuwa aibu yake.

"Miye nilizoea," Zaina aliniambia tulipobaki peke yetu. "Bakigombana na miye, neno ni lile lile: huyu hana kwao. Lakini huyu mutoto? Naye batamwambia hivyo?"

Asubuhi ua ulijaa. Sheikh alisoma dua. Wakamgusisha mtoto asali mdomoni ili maisha yake yawe matamu, na chumvi ili asikose ladha. Wazee wa upande wa baba walitoa majina yao, moja moja. Kisha sheikh akauliza, "Upande wa mama?"

Nilisimama.

"Mama yetu aliitwa Mariamu binti Selemani," nilisema. "Alikuwa mpishi wa harusi. Alikufa msituni ng'ambo ya mto Ruzizi, huko Congo, kambi za wakimbizi zilipovunjwa. Zaina na mimi tulikuwa tumetangulia na wengine. Hatukumzika."

Rasaki alianza kutafsiri, akakwama, akaanza tena. Alipomaliza, hata Sidi alikuwa ameinamisha kichwa. Alhaja akaja mbele yangu.

"Alikufa kabla ya mtoto huyu kuzaliwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mke wetu amekaa nasi na msiba huu, hatujampa hata pole?" Alimchukua mtoto, akamwinua. "Yetunde!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Rasaki alinieleza: bibi akifa kabla ya mjukuu wa kike kuzaliwa, mjukuu huitwa hivyo, yaani Mama amerudi. Sheikh akaongeza Mariamu, mambo yakaisha. Lakini kwa wanawake ndiyo kwanza yalianza. Alikuwa mrefu? Alicheka vipi? Akikasirika alisemaje? Walihitaji mambo ya kuimbia. Zaina alijibu mwanzo kwa sauti ndogo, kisha akasimama kuigiza jinsi Mama alivyofukuza waonjaji kwa mwiko: "Tokeni! Harusi ni yenu, sufuria ni yangu!" Ua mzima ukacheka, na Sidi akamshika mkono ili asianguke kwa kucheka.

Nilikaa kwao wiki kadhaa. Niliona umeme ukikatika vitambaa vya mafundi cherehani vikiwa chini ya sindano, na maji yakinunuliwa kwa ndoo. Niliona pia kwamba hakuna mtu pale anayebeba shida peke yake, kwa sababu wanaulizana. Wakati mwingine wanaulizana kupita kiasi. Sikurudi kuwaambia tuwaige. Majeraha yetu yana njia yake ya kupona. Nimejifunza tu kwamba ukimya unaomlinda mtu barabarani unaweza kumwacha mpweke nyumbani.

Kamembe nilifika siku ya soko. Jirani yangu Maman Joséphine, aliyekulia Congo kama wengi wetu, alikuja kuchukua nguo yake.

"Mutoto anaitwa nani?"

"Mariamu. Jina la mama yangu." Na nikamweleza alivyokuwa, na alipobaki.

Maman Joséphine alikunja ile nguo, akaikunjua, akaikunja tena. Miaka yote tumekaa ukuta kwa ukuta.

"Mama wa kwangu," alisema, "aliitwa Veronika."

Nikaizima cherehani, nikamvutia kiti.