Omena Kwenye Njia ya Baiskeli

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini asubuhi tipa la mchanga lilipomgonga mdogo wangu mjini Homa Bay. Saa hiyo naijua kwa sababu mama mmoja aliyekuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, kando ya barabara alikuwa anazungumza na mteja kwa simu, na simu yake ilihifadhi wakati mazungumzo yalipokatika. Aliitupa chini akakimbia.

Mdogo wangu alikuwa mchuuzi wa maziwa. Kila alfajiri aliyachukua kwa wakulima wa Rangwe, akaifunga mitungi kwenye keria kwa vipande vya tyubu, na kuendesha baiskeli hadi mjini, ambako wenye hoteli za chai walimsubiri. Kabla ya hapo alichimba dhahabu Macalder. Aliacha baada ya shimo la jirani kuporomoka na watu kubaki chini. Alinunua baiskeli kwa sababu, kama alivyoniambia, barabarani mtu huona kinachomjia. Tipa lilimjia kwa nyuma.

Lazima nieleze barabara yenyewe, maana kila kilichofuata kilitoka hapo. Mahali inapoteremka kuelekea ziwani ilipanuliwa, na upande wa kushoto wajenzi wakaacha ukanda wa lami laini, umetengwa na magari kwa ukingo wa saruji. Juu ya ukanda huo walichora baiskeli kwa rangi nyeupe. Kwa majuma machache wapanda baiskeli waliutumia. Kisha kina mama wa omena wakagundua kwamba lami ile hushika joto mapema, na kwamba haina mchanga. Omena iliyokaushwa ufukweni hubeba mchanga, na mlaji akiusikia kati ya meno hamrudii tena muuzaji yule. Omena ya lami ilikauka kabla ya adhuhuri na kupata bei nzuri. Basi kila asubuhi mitumbwi ikishafika, walitandaza neti kuukuu juu ya ile picha ya baiskeli na kumwaga samaki.

Hakuna mpanda baiskeli aliyewapita juu. Kwetu chakula kilichoanikwa hakirukwi wala hakikanyagwi. Mtoto akiruka mtama wa jirani huitwa arudi alikotoka, azunguke. Mtu mzima haambiwi. Baiskeli zote zilipanda ukingo na kuingia kwenye lami ya magari, zikiwa na mikate, makaa, maji na maziwa.

Mimi nilikuwa na msimamo wangu. Nauza vipuri vya baiskeli na pikipiki Migori, na sikusoma zaidi ya darasa la nane, ila nimekuwa nikijisomea kila kitu kinachohusu kazi yangu, sheria za barabarani zikiwemo. Jumapili moja mdogo wangu alikuja kutafuta mpira wa breki. Nikiwa nauweka, nikamwambia jambo nililokuwa nimemwambia tayari mara nyingi.

"Kuna njia. Ipitie. Serikali haikuchora baiskeli pale kwa urembo."

"Kaka, ile si njia, ni sebule ya kina mama. Unataka niingie na viatu?"

"Piga kengele wasogeze."

"Kengele?" Alicheka mpaka akashika meza. "Ndiga yangu haina hata breki, ndiyo maana niko hapa kwako. Wewe nipe breki, kengele tutazungumza Krismasi."

Kisha akasema kitu ambacho sikukipima vya kutosha wakati ule. Alisema kwamba kabla ya ukanda kujengwa, madereva walimpa nafasi, kwa kuwa walijua hana pengine pa kwenda. Tangu baiskeli ilipochorwa pembeni, walimsukuma kwa honi. Taniboi, wasaidizi wa madereva, walitoa kichwa dirishani na kumpigia kelele, "Rudi kwenu!" Machoni pao alikuwa na kwao: ule ukanda uliochorwa. Hakuna aliyeangalia kama nyumba hiyo ina wapangaji.

Siku ya ajali alifika pale kwenye mteremko akakuta neti zimeshatandazwa. Alipanda ukingo kama kawaida. Dereva wa tipa alipiga honi mara moja, hakupunguza mwendo, na gurudumu la mbele likamvuta. Mguu wake wa kulia ulisagika kuanzia goti kwenda chini. Mitungi ilipasuka, maziwa yakateremka na kuvuka ukingo hadi kwenye samaki.

Waliomfikia kwanza walikuwa wale kina mama. Yule wa simu alichana neti yake, akaisokota, akaifunga juu ya goti na kuikaza kwa kipande cha kuni, akikizungusha mpaka damu ikapungua. Mwenzake alikaa barabarani mbele ya tipa ili lisitoke. Wa tatu alilazimisha gari la abiria lishushe watu na kumpakia. Hospitalini, daktari aliniambia bila kupepesa macho kwamba bila ile neti ningekuwa namfuata chumba kingine. Mguu waliukata jioni ile.

Nilikaa naye karibu mwezi mzima, nikirudi Migori Jumamosi tu kufungua kibanda. Siku ya nne yule mama wa simu alikuja na omena kwenye karatasi, zimekaangwa kwa nyanya.

"Omera, ndugu yangu, kula," alimwambia mdogo wangu. "Hizi ndizo zilikunywa maziwa yako. Hizi nilikuwekea; nyingine siku hiyo ziliisha kabla ya za kila mtu. Wateja waliuliza tumeweka nini."

Mdogo wangu alicheka, kisha uso ukamkunjamana kwa maumivu, kisha akacheka tena. "Basi nilipeni maziwa."

"Tukulipe? Na neti yangu nani atalipa?"

Nilipomsindikiza mama yule hadi langoni, alibadilika. Alikuwa ameniona asubuhi hiyo pale kwenye mteremko nikipima upana wa ukanda kwa utepe na kupiga picha za neti zao.

"Mzee, utatuandika?"

Nilimweleza kwamba mwenye tipa alikuwa na bima, na kwamba wakili wetu alitaka kujua kila kitu kilichokuwepo barabarani. "Nitaandika kilichokuwepo," nikasema.

"Hata neti?"

"Hata neti."

Alitikisa kichwa polepole, akafunga leso yake vizuri, akaondoka. Hakuniomba niache. Nimewahi kutamani angeniomba, ili angalau niwe nimemkatalia mtu.

Hesabu ya upande wangu ilikuwa wazi. Mdogo wangu alikuwa na watoto watatu, mmoja akiwa sekondari, na kazi yake yote ilikuwa kwenye miguu miwili. Akilipwa kikamilifu angepata mguu wa bandia mzuri, angenunua friji na kuuza maziwa akiwa amekaa, na karo ingelipika. Ili alipwe kikamilifu ilibidi ijulikane kwa nini alikuwa kwenye lami ya magari wakati pembeni kulikuwa na njia iliyochorwa kwa ajili yake. Jibu lilikuwa moja tu, nami nilikuwa nalo kwenye picha.

Tulikutana katika ofisi ya wakili wetu, Homa Bay, baada ya miezi saba. Wakili wa bima alikuwa mtu mpole, alimwondolea mdogo wangu kiti kilichokuwa njiani ili magongo yapite. Hasara yote walikuwa wameshaikadiria na pande mbili zilikubaliana: milioni moja, laki nne na elfu hamsini. Kilichobaki ni lawama, nani abebe kiasi gani.

Aliziangalia picha zangu moja moja, akazirudisha mezani.

"Hizi zilipigwa baada ya ajali," alisema. "Zinaonyesha siku nyingine. Nami namuuliza aliyekuwepo." Akamgeukia mdogo wangu. "Ndugu, siku ile njia ya baiskeli ilikuwa imezibwa? Kama ilizibwa, tuambie na nani, tuwaingize kwenye kesi wajibu. Kama haikuzibwa, ulifuata nini kwenye lami?"

Niliona wakili wetu akishika kalamu. Mdogo wangu alikuwa ameweka kiganja juu ya paja, pale suruali ilipokunjwa na kushonwa.

"Njia ilikuwa wazi," alisema.

"Wazi kabisa?"

"Haikuwa na kitu. Nilipenda tu kupita lami, ni ya mteremko, inakimbia."

Wakili wetu alimtazama, akanitazama mimi. Nilifungua mdomo. Mdogo wangu hakugeuka, ila alisema kwa Dholuo, kwa sauti ya chini, ninyamaze. Ni mdogo wangu, hajawahi kuniambia hivyo. Nilikusanya picha zangu mezani.

Yaliyobaki hayakuchukua muda. Mpanda baiskeli aliyeacha njia yake iliyo wazi kwa hiari yake alibebeshwa asilimia sitini ya lawama.

Nje, chini ya ngazi, nilishindwa kujizuia. "Kwa nini?"

"Mguu huu ulifungwa na nani?"

"Kama neti zao zisingekuwepo, usingehitaji kufungwa. Ungepita kwako."

"Ndiyo." Alipumzika kwanza, maana ngazi zilikuwa zimemchosha. "Lakini zilikuwepo, kaka. Na neti zilikuwa na wenyewe. Sasa niende nimwambie yule mama, asante kwa damu yangu, hii hapa barua ya korti?"

"Wakili wa bima asingepata kitu kwao. Hawana mali."

"Wana mahali pa kuanika, wangefukuzwa. Hiyo ni mali." Kisha akajaribu mzaha, kama kawaida yake. "Na wewe ulikuwa unasema nipite njia ya baiskeli. Si umeshinda? Hata bima inakubaliana na wewe."

Sikucheka. Alikuwa anasema kweli: maneno yaliyompunguzia malipo yalikuwa maneno yangu ya kwenye kibanda, karibu neno kwa neno.

Nimefikiri sana tangu siku ile. Bado naamini mpanda baiskeli apite kwenye njia yake, ikiwa ipo. Ila sasa najua kwamba njia iliyochorwa na kuachwa ni mbaya kuliko kutokuwa na njia. Inamwambia dereva kwamba yule mtu mwembamba mbele yake yuko mahali pasipo pake, na baadaye inaliambia shirika la bima vivyo hivyo. Rangi ile nyeupe haikumlinda mdogo wangu hata asubuhi moja. Ilitoa ushahidi dhidi yake tu.

Baada ya mvua ndefu, askari wa kaunti waliwaondoa kina mama wa omena. Haikuhusu ajali, mgeni fulani alitarajiwa mjini, na barabara ilitakiwa kupendeza. Walibeba neti kwenye gari na hawakuzirudisha. Kwa siku chache baiskeli nyeupe ilionekana tena, imefifia. Kisha pikipiki za abiria zikahamia pale kivuli kinapoangukia, na wapanda baiskeli wakaendelea kupanda ukingo.

Yule mama sasa anaanika ufukweni, juu ya mchanga. Mdogo wangu anauza maziwa kwenye kibanda kidogo karibu na stendi. Friji hakupata, kwa hiyo yakichelewa kununuliwa yanaganda, na yule mama huja jioni kununua yaliyoganda kwa bei ya kutupa. Mguu wa bandia aliopata unamchubua. Mtoto wa sekondari yuko nyumbani tangu muhula uliopita. Alilipwa laki tano na elfu themanini, kabla ya ada ya wakili. Kwa neno "wazi" alipoteza shilingi laki nane na elfu sabini.