Pembe ya Mfuko

Walimwita Bibi Mabaki, na jina hilo halikumchukiza. Alishona suti za watu mpaka macho yakaanza kukataa uzi mweusi. Sasa alikuwa na meza yake katika karakana ya pamoja, chumba kirefu chenye harufu ya mbao mbichi, ambamo yeyote mwenye kazi ya mikono huingia akatumia mashine. Kila shule zilipokaribia kufunguliwa, wazazi walimletea nguo kuukuu, naye akazigeuza vifuko vya kalamu na mikoba ya madaftari, kila kimoja na alama aliyoitaka mtoto mwenyewe: samaki mwenye kofia, pikipiki, hata jino lililong'oka. Bei yake haikumlaza mtu njaa.

Sharti lake lilikuwa moja. Nguo chafu haikupanda mezani kwake. Ikiingia tu, hiyo kwenye ndoo.

Ndiyo maana ovaroli ya bluu, aliyoiacha mama mmoja mwenye haraka, ilisuguliwa kwa brashi na kuanikwa pamoja na nyingine. Kesho yake mama akarudi na bintiye, kabinti kanakoanza darasa la kwanza. Baba mtu, makenika, aliahidi kumpeleka siku ya kwanza ya shule, lakini riziki ikamwita mbali.

"Bila mkoba wa ovaroli ya baba, haendi," mama alisema. "Nimebembeleza, nimefoka, nimechoka."

Binti aliichukua ovaroli, akazamisha uso ndani yake. Akauinua taratibu.

"Siyo ya baba."

"Ni yake, mjukuu wangu. Tazama, hata kifungo kilichovunjika kipo."

"Baba hayumo."

Hakulia. Aliirudisha mezani, akaisukuma mbali kwa kidole.

Fundi Miwani, msimamizi wa mashine, ambaye huvaa miwani kwenye paji la uso kisha akaitafuta siku nzima, alisogea.

"Bibi, leo ndoo yako imemfua hadi baba wa watu."

"Nyamaza wewe, katafute miwani yako."

Fundi akamnong'oneza, "Tuipake oili kidogo. Mtoto ni mtoto."

Bibi alikishika kikopo cha oili ya cherehani. Ingekuwa rahisi. Akakirudisha.

"Aliyeitambua sabuni kwa mnuso mmoja atashindwa kuutambua uongo?"

Maisha yake yote aliamini kwamba usafi ni heshima. Mumewe alipofariki, alifua mashati yake yote kabla matanga hayajaisha, akayakunja, na watu wakamsifu kwa moyo wake mgumu. Leo, mbele ya mtoto asiyemlaumu hata kwa neno, alijiuliza kwa mara ya kwanza alikuwa amefua nini.

Mkono wake ulikuwa umeingia katika mfuko wa ovaroli bila yeye kuuamuru, kama mikono ya mafundi wa nguo inavyofanya. Kidole kikagota chini, penye pembe. Akasimama hapo. Mifuko mingapi aliifumua ujanani! Mvaaji huiacha siri yake pale, penye mishono miwili, na brashi haifiki.

Akachukua kifumulio, akafumua polepole. Pembeni kukatoka kidonge cha vumbi la nguo, cheusi kwa grisi, kimeshikamana kama mbegu. Akakinusa. Sabuni. Nyuma ya sabuni, labda kitu, labda hakuna, hakuthubutu kuapa.

"Sijui kama ni yeye," akamwambia binti. "Wewe ndiwe unayemjua. Ukisema siye, basi siye."

Binti alikinusa huku amefumba macho. Mashine zote zilikuwa kimya, au ndivyo bibi alivyosikia.

"Kumbe alijificha," binti akasema. "Alikuwa anaogopa maji."

Mama alicheka, kisha akageukia ukutani.

"Alama gani nikushonee, mjukuu wangu?"

"Hakuna. Mrudishe palepale. Na usimfue tena."

Bibi aliukata mkoba kwa kuuzunguka ule mfuko, akakirudisha kidonge pembeni, akafunga mshono mara mbili. Binti akauvaa, akaenda zake akiwa ameushika kwa chini, palepale penye pembe.

Asubuhi iliyofuata mzazi mwingine alileta shati lenye madoa ya rangi. Bibi Mabaki alilipokea, akatazama ndoo, akainama kwa mtoto aliyekuwa ameshika gauni la mama yake.

"Mjukuu wangu," akauliza, "hili linafuliwa?"