Siku Kumi na Sita za Kasyoka

Kasyoka Nzuki alitandika vitanda Mtito Andei miaka kumi na minane, katika gesti iliyobanwa kati ya kituo cha petroli na uwanja wa malori. Injini zilinguruma kutwa. Alikuwa ameshazizoea hata mtu akimsemesha alimtazama midomo.

Mwaka 1978 Mzungu mmoja mpima barabara alisahau kitabu chini ya mto. Abdulkadir, mwenye gesti, akakiweka kaunta miezi mitatu. Mwenyewe hakurudi. "Kichukue wewe uliyesoma," alisema. Kasyoka alikuwa amefika kidato cha pili kabla ya kuitwa nyumbani kumuuguza mama yake. Tangu hapo hakusoma ila Biblia na magazeti ya kufungia nyama.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, cha mtu aliyeacha mji akaishi peke yake mwaka mzima katika kibanda cha mbao mlimani. Humo hakuna kinachotokea. Mtu anatazama mvua ikija, anasikiliza kuni zikiungua. Kurasa nne nzima ni za ndege mmoja. Kasyoka alikisoma kwa kamusi ya kuazima, ukurasa mmoja kila siku baada ya kufua mashuka, na alipofika mwisho akaanza upya.

"Huyo mtu alikuwa mpweke?" Abdulkadir alimuuliza.

"Hapana, mzee. Upweke huja wenyewe kama homa. Huyu alinyamaza kwa kutaka, ili asikie."

Abdulkadir akasema, "Sisi tuna itikafu. Kumi la mwisho la Ramadhani mtu anabaki msikitini, yeye na Mola wake. Lakini hizo ni siku kumi, si mwaka."

Januari 1980 Kasyoka alichukua likizo ya siku ishirini na moja, akaenda kwao karibu na Ikutha. Pembeni mwa shamba kulikuwa na nyumba ya marehemu nyanya yake, isiyokaliwa na mtu. Aliifagia, akatandika mkeka, akaweka sufuria na kitabu chake.

Mama yake, Nthenya, alisimama mlangoni. "Nani amekukosea?"

"Hakuna, mama. Nataka tu kukaa kimya."

"Kimya gani, na mimi nipo?"

Siku ya tatu akina mama wa kanisa walikuja, wakaimba, wakaikemea roho ya huzuni. Waliongozwa na Mzee Mbuvi, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa.

"Hata Yesu alikwenda nyikani siku arobaini," Kasyoka alijitetea.

"Naam," akasema Mbuvi. "Na huko alikutana na nani?"



Kukaa kimya kulikuwa na kazi yake. Mtu wa kitabuni alikuwa na kijito mlangoni. Kasyoka alitembea saa nzima hadi kwenye mto mkavu, akachimba mchanga, akangoja maji yajikusanye, akarudi na mtungi mgongoni. Jioni Kalunde, mke wa kaka yake, aliweka bakuli la mahindi na maharagwe kizingitini akaondoka bila neno, kwani aliambiwa Kasyoka hataki maongezi. Kasyoka alikula na kufungua kitabu.

Siku ya kumi na tatu macho yake yalikwama kwenye sentensi moja: Jumamosi mwanamke mmoja alipanda mlimani na mikate na nguo safi. Basi, hakutajwa tena. Kasyoka, aliyefua mashuka ya wageni wasiohesabika, alikuwa ameipita sentensi hiyo mara mbili bila kuiona. Alitazama bakuli tupu. Akatafuta kalamu, akaandika pembeni mwa ukurasa: Jina lake nani?

Asubuhi alimkuta Kalunde akichuma ndengu, akainama kando yake, akaanza kuchuma.

"Kumbe leo unaongea?" Kalunde aliuliza.

"Naongea. Nisamehe. Umenilisha kama mgonjwa."

Kalunde alicheka. Kasyoka akamsimulia kitabu, hata zile kurasa nne za ndege. Walipomaliza mistari miwili Kalunde akasema, "Wewe unapenda ndege. Njoo."

Alimpeleka kwenye mti wenye tundu lililozibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba tu. Wakakaa chini. Baada ya muda hondohondo dume akaja na panzi mdomoni, akampitishia jike aliye ndani.

"Amejifungia mpaka vifaranga wakue," Kalunde alinong'ona. "Kila nikienda maji nakaa hapa kidogo. Hakuna anayejua. Wakijua watanituma kazi."

Wakakaa kimya, wote wawili, mpaka jua likawa kali. Siku mbili zilizofuata walikwenda tena. Ya kumi na sita Kasyoka alikunja mkeka akahamia kwa mama yake. Watu wakasema ameshindwa. Yeye aliona amemaliza.

Aliporudi Mtito Andei, Abdulkadir alimtengenezea rafu ya vitabu ukutani, na wageni wakawa wanaacha vitabu. Mzee alipouza gesti mwaka 1992, Kasyoka alirudi Ikutha na sanduku la vile vya utulivu: vya jangwa, vya watawa, kimoja cha mwanamke aliyeishi na nyuki. Jumapili alasiri alimsomea Kalunde, akigeuza kwa Kikamba, na Kalunde alimkatiza kila mwandishi alipokosea habari za wanyama.

Mzee Mbuvi, sasa akitembelea fimbo, aliazima kimoja cha jangwa. Alikaa nacho mwaka mzima. Alipokirudisha hakusema kama kilimpendeza. Aliuliza tu kama kuna kingine.