Kilo Moja ya Mchicha Mahakamani

Ukioa mkemia, ndugu yangu, usimwulize kama chai imekolea sukari. Mimi nilimwuliza wangu wiki ya kwanza ya ndoa, akanijibu kwamba hawezi kuthibitisha bila kupima. Nilidhani ananitania. Hatanii hata kidogo.

Anafanya kazi maabara ya serikali. Polisi wakikamata unga au majani ya kulevya, vinaletwa kwake vimefungwa lakiri; anapima, anaandika ripoti, na kesi ikiiva anaitwa mahakamani kueleza alichokiona. Miaka kumi na tisa mawakili wamejaribu kumtikisa, wameambulia patupu. Wenyewe wanamwita Mama Gramu. Mimi ni fundi viatu tu, lakini siku ya ushahidi viatu vyake navipiga rangi mwenyewe, kisha nafunga kibanda naenda kukaa benchi la nyuma nijidai.

Sasa Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, nikamkuta amejiinamia mezani na nakala ya ripoti yake ya mwaka uliopita. Kesho yake alikuwa na kesi. Polisi walikuwa wameng'oa shamba la bangi, wakapima palepale: kilo nane. Mwenye shamba alikiri, akafungwa, yakaisha. Kumbe hayakuisha. Mkaguzi mmoja alipolinganisha makaratasi akakuta maabara imeandika kilo mbili tu. Sita zimekwenda wapi? Akashikwa askari mtunza stoo ya vielelezo, mzee aliyebakiza miezi mitano kustaafu, akashtakiwa kwa wizi. Wajukuu zake shuleni wakaitwa wajukuu wa mwizi.

"Yale majani yalikaa stoo miezi miwili kabla ya kuja kwangu," mke wangu akasema. "Yalifika yamekauka kau. Na mimi sikuandika."

Akanionyesha. Kweli, fomu ina nafasi ya kueleza kama majani ni mabichi au makavu, na Mama Gramu mzima alichora kistari akaendelea. Siku hiyo alikuwa na mafurushi arobaini yanamsubiri.

Nakiri yangu: nilimwambia anyamaze. Nikamkumbusha kanuni aliyonifundisha mwenyewe, kwamba shahidi mtaalamu hujibu alichoulizwa, haongezi chumvi wala pilipili. Ukijitia kimbelembele, nikamwambia, kila aliyefungwa kwa ripoti yako atadai ni mbovu. Aliniangalia mpaka nikajitafutia kazi jikoni.

Kesho yake nikaenda hivyo hivyo. Mzee wa stoo alisimama kizimbani, koti limemzidi mabega. Wakili wa serikali akamwuliza mke wangu uzito, akausoma, akashukuriwa. Wakili wa utetezi, aliyepewa faili asubuhi ileile, akasema hana swali. Nisiseme uongo, roho yangu ilitulia. Ndipo mke wangu, badala ya kushuka, akamgeukia hakimu.

"Mheshimiwa, nilipima majani makavu na sikuandika kwamba ni makavu. Kilichopotea ni maji. Kosa ni langu."

Wakili wa serikali akaruka. Maji kilo sita? Hiyo ni ndoo, si bangi! Watu wakacheka. Hakimu, mama asiyependa mchezo, akauliza kama jambo hilo linaweza kuonekana kwa macho. Mke wangu akaomba aletewe mchicha.

Basi ikawa vituko. Karani akatumwa sokoni, ikapimwa kilo moja mbele ya wote kwa mizani ya maabara, ikatiwa kwenye mfuko wa wavu, ukafungwa lakiri na kuning'inizwa dirishani ofisini kwa karani, ufunguo wa ofisi ukabaki kwa hakimu. Kesi ikaahirishwa siku kumi. Mtaa mzima ulipita kuuchungulia. Wateja wangu wakiniletea soli wananiuliza mgonjwa anaendeleaje, wakimaanisha mchicha. Nami nawajibu anakonda. Lakini nyumbani mke wangu hakucheka. Mkubwa wake wa kazi alikwisha kumwandikia barua ajieleze, na sahani yake ilikuwa inarudi jikoni kama ilivyotoka.

Siku ya kumi lakiri ikakatwa. Mizani ikasema gramu mia moja na thelathini. Wakili wa serikali akasema mchicha si bangi. Mke wangu akakubali kabisa. Bangi haipungui kama mchicha, akasema, hupoteza robo tatu hivi, na kilo nane ukitoa robo tatu zinabaki mbili. Hesabu hiyo hata mimi niliiweza. Wakili akaketi, na alasiri ileile hakimu akasoma kwamba mzee hana hatia. Nilipiga makofi peke yangu, nikaonywa na askari wa mlangoni, wala sikujali.

Nje kwenye ngazi mzee akamfuata mke wangu. Nikajiweka karibu, maana mtu aliyeteseka miezi kumi na moja kwa kistari cha kalamu ana haki ya kutukana. Hakutukana.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilishaanza kuamini kwamba niliiba. Nilikuwa naipekua nyumba yangu mwenyewe nikizitafuta hizo kilo sita."

Mke wangu akalia palepale ngazini, mbele za watu, na mzee ndiye aliyembembeleza.